Maswali na Majibu: Nishati ya Majengo Tanzania hadi 2050, Hesabu Ianzie Jikoni

Wasomaji wengi wametuuliza namna ya kukadiria nishati itakayotumika katika majengo ya nchi miaka 20 au 30 ijayo, na hewa ukaa itakayotokana nayo. Tumechagua barua zinazogusa mambo yanayoharibu hesabu mara nyingi zaidi. Mifano yetu ni ya Tanzania. Tukiweka namba ya kuchukulia tu, tutasema hivyo, ili msomaji aweze kuibadilisha kwa ya kwake.

Ndugu mhariri, naandika tasnifu ya uzamili kuhusu matumizi ya nishati katika majengo hadi mwaka 2050. Nimeshauriwa nichukue umeme uliouzwa miaka kumi iliyopita, nitafute asilimia ya ukuaji, kisha niendeleze mstari. Je, inatosha? — Mwanafunzi, Dodoma

Kwa makadirio ya miaka miwili au mitatu, inatosha. Kwa miaka 28, yaani kutoka sensa ya 2022 hadi 2050, haitoshi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba umeme ni sehemu ndogo ya nishati inayotumika katika majengo ya Tanzania. Sehemu kubwa ni kuni na mkaa, ambavyo havimo kwenye mauzo ya TANESCO. Ya pili ni kwamba mstari unaendeleza yaliyopita bila kujua chanzo chake. Kaya ikiunganishiwa umeme leo haitaunganishwa tena kesho, kwa hiyo ukuaji uliotokana na kuunganisha wateja wapya utafika mwisho, na mstari wako hautajua kwamba umefika.

Anza na idadi ya kaya. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, wastani wa watu 4.7 kwa kaya. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, wastani wa 4.3. Ukigawanya, unapata kaya milioni 9.6 mwaka 2012 na milioni 14.4 mwaka 2022. Watu waliongezeka kwa asilimia 37, kaya zikaongezeka kwa asilimia 50. Jiko, friji na taa ni vya kaya, si vya mtu mmoja mmoja. Anayekadiria kwa idadi ya watu peke yake huwa ameshapunguza jibu kabla hajafika kwenye nishati.

Sasa ipeleke hesabu hiyo mbele. Chukulia ukuaji wa watu unashuka kutoka asilimia 3.2 hadi 2 ifikapo 2050, wastani wa 2.6 kwa mwaka. Miaka 28 inazidisha idadi ya watu kwa 2.05, unapata kama milioni 127. Wastani wa kaya ukibaki 4.3, utakuwa na kaya milioni 29.5. Ukishuka hadi 3.5, utakuwa na milioni 36.2. Tofauti ni kaya karibu milioni 7, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeongezwa.

Baada ya hapo zigawanye kaya kwa mjini na vijijini (sensa ya 2022 iliweka mjini asilimia 34.9), kisha kwa matumizi: kupika, taa, friji, feni na kiyoyozi, maji ya moto, vinginevyo. Kila tumizi lina hesabu ya aina moja: idadi ya kaya, mara sehemu ya kaya zenye kifaa hicho, mara nishati ya kifaa kwa mwaka. Nishati hiyo ukiizidisha kwa kipimo cha hewa ukaa cha kila fueli, una makadirio yako.

Tahadhari moja ya mjini: usihesabu mita za LUKU ukadhani umehesabu kaya. Katika nyumba za kupanga, mita moja huhudumia kaya tatu, nne, au zaidi. Ukigawanya umeme kwa mita utaona kaya inayotumia umeme mwingi kuliko ilivyo, na ukilipeleka kosa hilo mbele kwa kaya milioni 30 litakua pamoja nazo. Genge au saluni iliyo barazani ikitumia mita ileile ya nyumba, tenga makadirio yake pembeni.

Nimeona ripoti nyingi za majengo zinazungumzia viyoyozi na vioo vya maghorofa. Katika halmashauri yetu karibu kila nyumba inapikia kuni au mkaa. Kupika kunaingiaje kwenye hesabu hizi? — Ofisa mipango, Morogoro

Kunaingia kwanza. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataja kuni kuwa nishati kuu ya kupikia kwa asilimia 63.5 ya kaya, mkaa asilimia 26.2, gesi ya mitungi 5.1 na umeme 3. Lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Makadirio yasiyo na jiko yameacha nje sehemu kubwa ya nishati ya nyumba za nchi hii.

Tofautisha nishati inayoingia jikoni na joto linalofika kwenye chakula. Joto linalofika kwenye chakula halibadiliki sana kaya ikibadili jiko. Kinachobadilika ni fueli inayopotea njiani. Chukulia kaya inahitaji gigajuli 3 za joto linalofika sufuriani kwa mwaka (gigajuli ni kipimo cha nishati, sawa na megajuli 1,000), kisha gawanya kwa ufanisi wa kila jiko.

Mafiga matatu yenye ufanisi wa asilimia 13 yanahitaji gigajuli 23. Kilo moja ya kuni ina megajuli 15.6, hivyo ni kama kilo 1,480 kwa mwaka, yaani kilo 4 kwa siku. Jiko la mkaa la asilimia 20 linahitaji gigajuli 15. Mkaa una megajuli 29.5 kwa kilo, hivyo ni kilo 508 kwa mwaka. Gesi kwa asilimia 55 inahitaji gigajuli 5.5, kwa megajuli 47.3 kwa kilo unapata kilo 115, karibu mitungi 8 ya kilo 15. Umeme kwa asilimia 75 unahitaji gigajuli 4, ambazo ni uniti 1,111 (uniti moja ni kilowati-saa moja), au uniti 93 kwa mwezi.

Ona basi kinachotokea kwenye jedwali la taifa: kaya ikihama kutoka kuni kwenda gesi, nishati yake inashuka hadi chini ya robo, na chakula ni kilekile. Makadirio ya nchi zetu yanaweza kuonyesha nishati ya majengo ikitulia au kupungua huku watu wakiongezeka. Wasiojua hudhani ni kosa la kuchapa.

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kuipa kila kaya jiko moja. Sensa na tafiti huuliza nishati kuu, lakini mjini kaya nyingi huchemshia chai kwa gesi na kupika maharage au makande kwa mkaa. Kaya inayojiandikisha kuwa ya gesi inaweza bado kununua mkaa kila wiki. Gawa joto la sufuriani, si kaya: kwa mfano asilimia 60 gesi na 40 mkaa kwa kaya zinazochanganya, na ulize swali hilo kwenye dodoso lako.

La pili ni kusahau bei. Kwa bei zilizopangwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, mwaka 2016, mteja wa kundi D1, yaani wateja wadogo wa majumbani, alilipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila uniti inayozidi. Kaya inayotumia uniti 40 kwa taa, televisheni na simu ikiongeza uniti 93 za kupikia inavuka mpaka huo kwa uniti 58, na hizo zote inazilipia kwa bei mara tatu na nusu. Modeli, yaani hesabu yako yote ya makadirio, inayohamisha kaya kwenda umeme kwa sababu "umeme ni nafuu" ikitumia shilingi 100 itakuwa imehamisha watu ambao hawatahama. Weka bei halisi na mpaka wake ndani ya modeli.

Naandika habari za mazingira. Nikiangalia jedwali la gesijoto la sekta ya nishati, kaya zikiacha mkaa na kuhamia gesi, uzalishaji unapanda. Sasa kampeni ya nishati safi ina maana gani? — Mwandishi, Arusha

Jedwali haliongopi, ila umesoma ukurasa mmoja. Kwa kanuni za 2006 za IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, kaboni dioksidi itokanayo na kuni na mkaa haijumlishwi kwenye sekta ya nishati. Huandikwa pembeni kwa kumbukumbu, na upotevu wa miti huhesabiwa kwenye sekta ya ardhi na misitu. Kinachobaki kwenye nishati ni methani na oksidi ya nitrojeni peke yake.

Chukua kaya yetu ya kilo 508 za mkaa. Methani ya jikoni, kwa kipimo cha IPCC cha kilo 200 kwa terajuli (gigajuli 1,000), ni kilo 3 kwa mwaka. Kilo moja ya methani hupasha dunia joto kama kilo 28 za kaboni dioksidi, kwa hiyo mara 28 ni kilo 84 za usawa wa kaboni dioksidi. Ikihamia gesi, kilo 115 mara 2.98, yaani kilo za kaboni dioksidi kwa kila kilo ya gesi, ni kilo 343. Kwenye ukurasa wa nishati kaya imepanda mara nne.

Sasa fungua ukurasa wa misitu. Tanuri la udongo likila kilo 6 za kuni kwa kilo moja ya mkaa, kaya hiyo imetumia kilo 3,050 za mti, zenye kaboni dioksidi ya tani 5.3. Sehemu ya miti hiyo huchipua tena, kwa hiyo unazidisha kwa sehemu isiyorudi. Ukichukua asilimia 30, unapata tani 1.6. Ukichukua asilimia 80, unapata tani 4.3. Kwa vyovyote vile, kilo 343 za gesi ni ndogo kuliko zote mbili, na bado hatujaongeza methani inayotoka kwenye tanuri lenyewe wakati wa kuchoma, ambayo si kidogo.

Tunasisitiza hiyo sehemu isiyorudi kwa sababu ndiyo namba inayotikisa hesabu nzima. Miradi mingi ya majiko inayouza viwango vya kaboni, yaani inayolipwa kwa hewa ukaa inayosema imeizuia, imetumia namba kubwa mno. Utafiti wa dunia uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa kati ya asilimia 27 na 34 ya kuni zilizovunwa duniani mwaka 2009 zilikuwa za uvunaji usio endelevu. Maeneo hutofautiana sana, na mkaa unaoingia Dar es Salaam kutoka mikoa ya mbali hauwezi kupewa namba moja na kuni zinazookotwa shambani kijijini. Usichukue namba ya mradi wa kuuza viwango vya kaboni ukaiweka kwenye makadirio ya taifa.

Pia usihesabu mara mbili. Ukishahesabu kaboni ya mti wote ulioingia tanurini, usiongeze tena kaboni ya mkaa uliochomwa jikoni. Ni kaboni ileile.

Mimi ni fundi viyoyozi. Kazi inaongezeka kila mwaka. Hadi 2050 viyoyozi vitakula umeme kiasi gani? — Fundi, Dar es Salaam

Kiyoyozi cha BTU 12,000 hutoa ubaridi wa kilowati 3.5. Chenye ufanisi wa 3, yaani kinachotoa ubaridi mara 3 ya umeme kinaovuta, huvuta kilowati 1.17. Kikiwashwa saa 6 kwa siku, kompresa ikifanya kazi asilimia 60 ya muda huo, siku 300 kwa mwaka, ni uniti 1,260. Cha inveta, ambacho kompresa yake hubadili kasi kulingana na joto, chenye ufanisi wa 5 kwa matumizi hayohayo ni uniti 760.

Umiliki haupandi kwa mstari ulionyooka. Huanza polepole, hupanda kwa kasi kipato kikivuka kiwango fulani, kisha hutulia; mchoro wake hufanana na herufi S. Chukulia mwaka 2050 kaya milioni 20 ziko mjini na asilimia 15 zina kiyoyozi kimoja. Ni viyoyozi milioni 3, uniti bilioni 3.8 vikiwa vya zamani, bilioni 2.3 vikiwa vya inveta. Linganisha na nusu ya kaya zote milioni 36 zikipikia umeme kwa uniti 1,111: bilioni 20. Ndiyo maana tunasema jikoni kwanza. Hata hivyo kiyoyozi kina uzito wake wakati wa kilele cha mahitaji, maana vyote huwashwa katika majira yaleyale ya joto, Desemba hadi Machi, na mitambo hujengwa kwa ajili ya saa ya kilele.

Kuna mtego kwenye hesabu ya joto. Watu hutumia nyuzijoto-siku, yaani tofauti kati ya joto la siku na kiwango fulani cha msingi, ikijumlishwa mwaka mzima. Vitabu vingi vya nje hutumia msingi wa nyuzi 18. Kwa mji wenye wastani wa 26 unapata 8 mara 365, yaani 2,920. Joto likipanda kwa nyuzi 1 unaongeza asilimia 12.5 tu. Lakini nani Dar es Salaam anawasha kiyoyozi kwenye nyuzi 19? Ukitumia msingi wa 24, unapata 730, na ile nyuzi moja inaongeza asilimia 50. Tumia msingi unaolingana na watu wa Pwani wanavyoishi, vinginevyo athari ya mabadiliko ya tabianchi itaonekana ndogo isivyo kweli. Nyanda za juu kama Njombe zipe hesabu yake.

Usisahau viyoyozi na friji za mitumba. Kifaa kilichokwisha tumika miaka kumi kwingine kinaingia kwenye modeli kikiwa na ufanisi wake wa zamani, si ule wa mwaka kilipofika bandarini.

Bwawa la Julius Nyerere limekamilika. Je, tuweke sifuri kwenye hewa ukaa ya umeme wa majengo? — Msomaji, Pwani

Hapana. Bwawa lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115, na limebadilisha sura ya gridi. Lakini mitambo ya gesi asilia bado ipo na huwashwa kulingana na mahitaji na mvua. Nchi ilipata upungufu mkubwa wa umeme wa maji kwa ukame wa 2011, na mwaka 2015 mitambo ya maji ikalazimika kuzimwa.

Hesabu yake ni hii. Gesi asilia ina kilo 56.1 za kaboni dioksidi kwa gigajuli, sawa na gramu 202 kwa uniti ya joto. Mtambo wa mzunguko mara mbili, unaotumia pia joto la moshi wake kuzalisha umeme, wenye ufanisi wa asilimia 50 hutoa gramu 404 kwa uniti ya umeme. Wa mzunguko mmoja wa asilimia 33 hutoa 612. Nusu maji na nusu gesi ya ufanisi mzuri ni kama gramu 200. Kisha gawanya kwa kinachomfikia mteja: upotevu wa njiani ukiwa asilimia 15, ni gramu 235. Wengi huacha hatua hiyo ya mwisho.

Tengeneza angalau mwaka wa mvua nzuri na mwaka wa ukame, na usibebe kipimo cha mwaka mmoja hadi 2050. Unguja na Pemba zinapata umeme wa bara kwa nyaya za baharini, hivyo zitumie kipimo hichohicho cha gridi, ukiongeza upotevu wa ziada. Jenereta za dizeli za hoteli zihesabiwe peke yake, kama gramu 800 kwa uniti.

Najenga nyumba za kuuza. Je, saruji inahesabiwa kwenye hewa ukaa ya majengo? — Mjenzi, Mbeya

Kwenye jedwali la taifa iko viwandani. Kwenye makadirio ya majengo inafaa ionyeshwe mstari wake, bila kujumlishwa mara mbili.

Chukulia nyumba ya mifuko 250 ya kilo 50, yaani tani 12.5, na saruji yenye asilimia 70 ya klinka, yaani mawe ya chokaa na udongo yaliyochomwa tanurini kabla ya kusagwa. Klinka ni tani 8.75. Kuvunjika kwa chokaa tanurini hutoa tani 0.52 kwa tani ya klinka: tani 4.6. Joto la gigajuli 3.5 kwa tani ya klinka likitoka kwenye makaa ya mawe huongeza tani 2.9, likitoka kwenye gesi asilia, 1.7. Kwa makaa, jumla ni tani 7.5 kabla ya nondo na mabati. Nyumba hiyo ikitumia uniti 1,000 kwa mwaka kwa gramu 235, itachukua zaidi ya miaka 30 ya umeme kufikia kaboni ya saruji yake. Katika nchi inayotarajia kuongeza kaya zaidi ya milioni 15, jambo hili lina uzito kuliko linavyopewa.

Je, modeli hii inafaa Kenya? — Msomaji, Nakuru

Mifupa inafaa, namba zibadilishe. Sensa ya 2019 iliweka kaya milioni 12.1 zenye wastani wa watu 3.9, kwa hiyo nafasi ya kaya kupungua ukubwa ni ndogo kuliko Tanzania. Sensa hiyohiyo ilionyesha kuni asilimia 55 za kaya, gesi karibu 24, mkaa karibu 12, mafuta ya taa karibu 8. Hayo mafuta ya taa usiyadharau: kilo 71.9 kwa gigajuli, na yamejaa kwenye makazi duni ya mijini. Gridi ya Kenya, kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, ina kaboni ndogo, hivyo kupikia umeme huko kunaokoa zaidi kwa kila uniti.

Nimemaliza modeli kwenye Excel. Nitajuaje kama inaaminika? Au nihamie LEAP? — Mchambuzi, Dodoma

LEAP, programu ya kompyuta ya Taasisi ya Mazingira ya Stockholm ya kukadiria nishati, inakusaidia kupanga matawi na senario (hali tofauti zinazoweza kutokea), na taasisi za nchi kama yetu hupewa leseni bila malipo. Haitengenezi data. Excel iliyopangwa vizuri, kila namba ikiwa na chanzo pembeni yake, inatosha kwa kuanza.

Jaribio la kwanza ni kurudi nyuma. Ipe modeli data za 2012 peke yake, iambie ikadirie 2022, kisha linganisha na sensa. Aliyeganda kwenye watu 4.7 kwa kaya, hata angepatia idadi ya watu kikamilifu, angepata kaya milioni 13.1, zilikuwa 14.4. Kosa la zaidi ya milioni moja kwa miaka kumi tu. Fanya hivyo pia kwa umeme uliouzwa na gesi ya mitungi iliyoingizwa nchini. Jumla ya modeli ikitofautiana na mauzo kwa zaidi ya asilimia 10, usirekebishe kwa kuzidisha kila kitu kwa namba moja. Tafuta tumizi lililokosewa. Mara nyingi ni saa za matumizi au zile mita zinazochangiwa.

Jaribio la pili: chukua kila ingizo, lishushe na ulipandishe hadi mipaka inayoaminika huku mengine yametulia, uandike jibu la 2050 linavyohama. Yapange kuanzia linalotikisa zaidi. Kwa Tanzania utaona juu kabisa sehemu ya miti isiyorudi, mgawanyo wa mkaa na gesi ndani ya kaya zinazochanganya, kilo za kuni kwa kilo ya mkaa, na ukubwa wa kaya. Bei ya taa za LED itakuwa chini kabisa. Fedha ya utafiti ipeleke kwenye yale ya juu: mzani kwenye matanuri ya mkaa, na mzani jikoni kwa wiki moja katika kaya mia chache, msimu wa mvua na wa kiangazi.

Ukichapisha, toa senario tatu au nne zenye majina ya sera, kwa mfano "mkakati wa kupikia unafika asilimia 80 mwaka 2034" na "unafika 50", badala ya "juu, kati, chini". Watu wakiona "kati" huichukua kama utabiri na kuzitupa nyingine. Na andika mwaka wa data wa kila ingizo, ili atakayeirudia baada ya sensa ya 2032 ajue pa kuanzia kubadilisha.